Mafuta Kwenye Karatasi ya Élisée

Élisée mwanangu,

Ukiamka, maharagwe yamo kwenye sufuria ndogo. Mdogo wako Jémima anatoka shule saa tisa na nusu. Nenda ukamchukue, halafu ulale tena.

Nimekwenda Ganshoren na karatasi yako ya mahudhurio, kwenye nyumba ya wazee unakofanya mwaka wako wa utumishi wa taifa. Najua leo ndiyo siku ya mwisho ya kuipeleka, na bila sahihi ya mkurugenzi mwezi mzima hauhesabiwi.

Juzi kwenye maombi kila mmoja alileta karatasi aliyotaka iombewe. Mimi nilileta yako, mchungaji akaipaka mafuta, nikairudisha kwenye begi lako. Sikujua kwamba kalamu haiandiki juu ya mafuta. Asubuhi hii umetoka zamu ya usiku, ukataka kujaza siku zako, wino ukakataa. Ukaniambia, "Maman, hii ni karatasi, si mgonjwa." Nilicheka, kisha nikalia jikoni. ~~Ungeweza kusema polepole.~~ Bon, ulikuwa umechoka, na kosa ni langu.

Nitaomba karatasi mpya. Maneno nimeyaandika mwenyewe kwa Kifaransa, kama tunavyofundishwa kwenye masomo ya jioni, nami nitamsomea mkurugenzi: mwanangu hakukosa kazi hata siku moja, aliyeharibu ni mama yake.

Nimemwomba Mungu aulainishe moyo wake. Lakini akikataa, na ukalazimika kurudia mwezi, tutaurudia sote wawili. Kila siku nitaamka kabla yako kukupikia chai.

Maman yako