Toa Saba, Toa Saba Tena

Jumatatu, 4 Machi

Baba amefeli! Daktari aliandika 100 kwenye karatasi, akamwambia atoe saba, kisha saba tena, mara tano. Baba akawa anagusagusa vidole, anaandika polepole. 11-5. 10-10. 10-3. 9-8. 9-1. Zote zimetiwa kosa kwa kalamu nyekundu. Kumbukumbu inamtoka, anasema daktari, huenda asiishi tena peke yake. Atapimwa mara ya pili Jumatatu ijayo, ndipo barua ya uamuzi iandikwe. Kaka keshaanza kusafisha chumba cha nyuma kwake! Nyumba ya Baba ifungwe. Nimeiomba ile karatasi, sijui kwa nini.

Jumanne, 5 Machi

Nilikuwa nashona vifungo vya sare. Ghafla nikasimamisha cherehani. Mjinga mimi! Baba kakaa stoo ya vifungo miaka thelathini na moja. Kule walihesabu kwa dazeni: kidole gumba kinapita kwenye pingili za vidole vinne, kumi na mbili kila mkono. Akiona 10 tupu, ni dazeni moja; penye kistari, kushoto ni dazeni, kulia ni vifungo vilivyobaki. Akiona 100, ni dazeni kumi na mbili — vifungo 144. Kumi yetu aliidharau. "Ina uchoyo hiyo, haigawiki kwa watoto watatu!" Ya kwake hugawika kwa tatu, kwa nne, kwa sita, haibakizi kitu.

Nimepiga hesabu kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja, Mungu anisamehe. 144 toa saba, 137: dazeni kumi na moja na tano. 11-5! Toa saba tena, 130: dazeni kumi, na kumi juu. Zote tano ni sahihi! Nimecheka peke yangu mpaka machozi.

Jumatano, 6 Machi

Kaka anasema namtafutia Baba visingizio. Wifi akachukua kalamu, akahesabu, akamwambia nyamaza, ni kweli. Basi, akasema Kaka — daktari akikubali, Baba abaki nyumbani kwake mwenyewe. Kaka si mbaya. Anaogopa tu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekunywa chai kwa Baba. Nikamtania: kwa nini umemtesa daktari wa watu kwa dazeni? Akashangaa. Daktari gani? Yule wa koti jeupe ni mkaguzi, kaja kukagua stoo.

Stoo ilifungwa kabla sijaolewa.

Nimeosha vikombe viwili kwa muda mrefu sana.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Karatasi imo mkobani, hesabu yangu nyuma yake. Kaka katuma ujumbe: usisahau kumwonyesha! Ya Ijumaa sijamwambia mtu.

Baba kavaa shati la kazi. Ananinong'oneza nisiwe na wasiwasi, vifungo vyote vipo, kavihesabu mwenyewe. Kanishika mkono wa kushoto, gumba lake linapita kwenye pingili zangu, ya nane, ya tisa —

Mlango umefunguliwa. Daktari anauliza kama nina la kumwambia kabla hawajaanza.