Shamba Ulilosema Lilale

Baray, Karatu
Tarehe 14 Mei

Kwa kaka yangu Kornelio,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, na kazi ya hoteli huko Dar es Salaam inakwenda vizuri. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua kwa vumbi wakati wa kulima, lakini kimeachia. Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika sentensi ya pili, tayari umeshapata wageni.

Ujumbe wako wa juzi nimeupata, pamoja na picha ya mahema. Unasema mwezi wa sita unakuja na mwekezaji kupima shamba la baba ili mjenge kempu, watalii walale wakitazama Ziwa Eyasi. Unasema pia nifyeke nyasi ili gari lipite. Nimeusoma mara tatu, kaka, na kila mara nimepandwa na hasira mpya.

Tangu tumzike baba ni miaka saba. Siku ile ulisimama na suti yako kwenye mpaka wa minyaa, ukasema shamba lisiguswe mpaka upate mpango. Bwana shamba aliponishauri nipande malimao, ulinikataza, ukasema anayepanda mti leo kesho atadai ardhi. Nilipotaka kumkodisha Stumai, yule mama wa Singida aliyekuja kufanya kibarua cha vitunguu akabaki, ulisema watu wa kuja wakishaingia hawatoki. Nikaomba nilime japo mahindi, ukaniuliza kwani mimi sikuolewa. Niliolewa, nikaachika, na ulijua. Kwa hiyo nimekuwa nikikodi kipande cha shamba la watu, huku la baba yetu likiota migunga mbele ya mlango wangu na kulisha mbuzi wa kijiji kizima.

Watu walinisema. Walisema Valeria ni mvivu, anaacha ardhi ya baba yake igeuke pori. Sikumwambia mtu kwamba ni wewe uliyenizuia. Niliona aibu kwa ajili yako, na sasa najilaumu kwa hiyo aibu.

Sheria ya mfereji labda umeisahau, maana siku za kuzoa tope ulikuwa bweni. Shamba likikaa misimu mitatu bila kulimwa, zamu yake ya maji hupewa mtu mwingine. Kamati ilituvumilia miaka yote hii kwa heshima ya baba, kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliouchimba mfereji wenyewe. Mwezi wa pili ikachoka. Nilikupigia nikakueleza kwamba shamba la huku bila maji ni vumbi tu, hata bure hakuna wa kulichukua. Ulinijibu maneno mawili, "Acha lilale," ukakata simu.

Kesho yake nilikwenda kwenye kikao cha kamati. Nilitoka pale na zamu ya Jumanne asubuhi, imeandikwa jina langu. Siku mbili baadaye jirani yetu Piusi alikuja na jozi mbili za maksai. Stumai akaja na wanawake wenzake wakiwa na mapanga. Waling'oa migunga, wakalima, wakanisaidia kukata majaruba ya vitunguu, na hakuna aliyedai chakula wala pombe. Unawafahamu watu wa huku. Hakuna anayekulimia bure siku tatu, ila kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwenye kile kikao nilisimama nikasema nitalima mwenyewe. Mzee Dominic, mwenyekiti, akasema zamu iko kwa jina lako, hivyo hawawezi kunipa mpaka wajue wewe unasemaje. Nilifungua mdomo nieleze ulivyonijibu, kilio kikanitoka. Nililia kwa hasira, kaka, hasira ya miaka saba, mbele ya wanaume ishirini, nikashindwa kunyamaza. Mzee Dominic akavua kofia. Akaniuliza taratibu, "Pole binti yangu. Lini?"

Nilijua vizuri alichokuwa anauliza. Ningeweza kumwambia kwamba upo, kwamba jana tu tuliongea.

Nikamjibu, "Siku nyingi."

Wakasimama wote, wakafanya ishara ya msalaba. Ndiyo maana wamenilimia: mfiwa haachwi ashike jembe peke yake. Wameniletea maziwa na mahindi, nikapokea. Jumapili katekista alikutaja kati ya marehemu wa kigango, watu wakaitikia, na mimi nikaitikia. Nilitegemea moyo utanichoma. Haukunichoma, na hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe.

Sasa unajua. Sitafyeka nyasi, maana nyasi hakuna. Kuna vitunguu vya wiki sita, vimesimama vizuri kuliko vya mtu yeyote upande huu wa mfereji. Ukija na gari la mwekezaji litakanyaga vitunguu vyangu kwanza, halafu watu watakimbia au watakupiga, sijui kipi kitatangulia.

Kama unataka kuja, njoo peke yako, siku ya Jumanne, wakati kamati yote iko mferejini. Simama mbele yao useme u hai na mdogo wako ni mwongo. Sitakana. Zamu wataichukua, na kanisani sitajua pa kukaa. Lakini ukishasema hilo, usiondoke. Waambie pia ni nani aliyeliacha shamba la baba likawa pori, na ni nani aliyenikataza kupanda hata mti mmoja. Useme kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Wao hawana kosa. Na ukiona maneno hayo huwezi kuyasema, basi baki huko huko, kaka. Huku tumeshakuombea.

Mdogo wako,
Valeria