Mto Uliotoka Ukutani

Mdogo wangu Perusi,

Ile picha ya mto ya baba haikuibwa na mtani. Ninayo mimi huku Ujerumani, ukutani mbele ya kitanda hiki ninachoandikia. Nimeificha zaidi ya miaka hamsini. Najua barua zako huanza na shikamoo. Safari hii usinipe. Niambie tu kama magoti yamepoa, na kama kisima cha pale Gongoni bado kina maji. Mimi mapafu yamechoka. Daktari hataji tena dawa.

Unaikumbuka: ukingo wa mto, miti imeinama, ng'ombe wawili wanakunywa, hakuna mtu hata mmoja. Aliichora Mzungu wa enzi za misafara, na babu yake baba akaibeba kichwani kutoka pwani hadi Tabora, mwenye mzigo akafa kwa homa, picha ikabaki kwake. Mama alizoea kuitazama na kusema, "Maji yote hayo, nami nachimba mchanga!"

Kwenye matanga ya baba, Mzee Chibago, fundi viatu wa Ng'ambo, mtani wetu Mgogo, alisimama mbele ya picha hiyo akapaza sauti: "Wanyamwezi, marehemu kaniachia mto! Ng'ombe wangu wana kiu. Mkiutaka, njooni na jogoo!" Wafiwa wakacheka mpaka wakasahau kulia.

Kesho yake fremu ilikuwa tupu. Shangazi akampelekea jogoo, kama ilivyo desturi.

"Sina," akasema mzee.

"Unataka wawili, mlafi wewe?"

"Sina, mama. Naapa."

Kicheko kikafa hapo, maana mtani haapi.

Mimi nilikuwa nimeikata kwa wembe na kuikunja ndani ya shuka, chini ya nguo zangu za safari. Nilikuwa naondoka kuja kusoma. Nilijiambia kwamba ninyi hamjui thamani yake. Huo ndio usomi niliokuwa nao. Ningeitoa siku ile, nikasema nami natania, ningechekwa na kusamehewa. Sikuitoa.

Yaliyofuata ulikuwa nayo wewe. Baba wadogo walimwita mzee wa watu mwizi. Yona, mwanawe aliyekuwa amekuposa, alikuja kukwambia, "Perusi, siwezi kula kwa watu wanaomtukana baba." Hukuolewa hadi leo. Mzee Chibago alizikwa bila mtu wetu kushika jembe.

Nawe ukamnunia Mama. Baba wadogo walisema aliyemshuhudia mzee akiiba ni mtu wa ndani ya nyumba, na aliyelala chumba chenye picha ni Mama. Miaka kumi na moja hukumsemesha, hata alipokuwa kitandani akikuita. Nami nikakuandikia kutoka huku kwa mwandiko mzuri, nikakushauri umsamehe.

Mpwa wetu anaileta picha. Mpe Yona, kama yu hai. Akiichoma, mwache aichome. Nisalimie shemeji, mjane wa kaka yetu, na wajukuu wake walioko Ulyankulu. Mchungaji mwambie aniombee, lakini kwanza msomee barua hii yote.

Perusi, Mama hakumtaja Mzee Chibago. Baba wadogo walipomuuliza, alisema hakuona kitu. Aliyewaambia kwamba alimwona akitoka na bunda kwapani ni mimi, kaka yako Leonsi.