Kinanda Kipya na Fidla ya Maalim Khatib

Jumamosi, 1 Agosti 1998

Nimeshona kanzu mbili. Ya tatu imebaki mkono mmoja. Adhuhuri niliswali jamaa msikitini, kisha nikafuta vumbi kinanda changu kama kila Jumamosi. Vibonye vitatu vimekufa. Nikivifikia huviruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Kabla ya Alasiri alikuja Bi Time, mwimbaji wetu na mkubwa wa kikundi chetu cha taarabu. Kaja na kinanda kipya kutoka dukani Chake Chake. Muuzaji kampa wiki moja ya kukijaribu. Bei yake nafuu, ndio maana tunakishuku. Mpiga kinanda ni mie, kwa hiyo mie ndiye wa kusema kinafaa au hakifai. Jumamosi ijayo, mbele ya wote.

Halafu akanambia la pili, kwa sauti ya chini. Kikifaa, tutakwenda harusini watu watatu: yeye, mie, na Kombo wa ngoma ya dumbaki. Besi, kodiani, kidufu cha rika, fidla, vyote vimo ndani ya chombo. Wanne wapumzike.

Sikumlaumu. Tangu vije vyama vingi, harusi zimekatika nusu. Wa chama hiki haendi kwa wa chama kile, hata kama ukuta wao mmoja. Mwenye harusi apika sufuria moja pahala pa tatu. Kikundi cha watu saba hakiwezi.

Katika wanne hao yumo Maalim Khatib wa fidla. Ndiye aliyenifunza muziki, tangu mie kijana nisiyejua kushika hata rika. Nyumba yake na yangu zatazamana.



Jumapili, 2 Agosti

Kinanda kipya nimekipa haki yake. Vibonye sitini na kimoja, vyepesi, havigongi. Uzito wake mtu mmoja abeba kwapani. Besi nzuri, yatikisa vikombe kabatini. Ngoma zake za kurikodi zaenda sawa, ila zimenyooka mno, kama askari. Kodiani mbaya. Fidla yake ni nzi ndani ya gilasi. Kioo chake juani hakisomeki. Kina kumbukumbu: wapiga, kinaweka, kesho kinakurudishia.

Kisha nikajaribu bayati, ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu. Nyimbo zetu nusu nzima ni bayati, na bayati yataka ile sauti inayokaa baina ya kibonye cheupe na cheusi. Fidla huipata kwa kuteleza kidole. Kinanda hakina pa kuteleza. Hata kwenye cha zamani, nikifika pale huondoa mkono, nikamwachia Maalim.

Hiki kipya nacho hakinayo. Kilitoa sauti ya bendi ya skuli.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hanisomi mtu. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa leo hapana chuo cha Kurani. Hakifai, basi, Maalim abaki, na mie sijasema uongo.

Jumatatu, 3 Agosti

Furaha ya siku moja.

Kitabu cha maelezo ni cha Kiingereza, na mie niliishia darasa la saba. Nikampelekea Mwalimu Yohana, mtu wa bara, asomesha skuli na hupiga kinanda kanisani kwao. Mtu mpole. Alisoma kurasa mbili tatu, akatabasamu. Upo ukurasa wa kushusha kila kibonye peke yake, kidogo kidogo, kwa nambari. Kitabu chasema ukitaka sauti ya Kiarabu shusha hamsini.

"Hii hawakuwawekea watu wa kwetu, Bwana Hamad," akanambia. "Wamewawekea nyinyi."

Nilimshukuru. Njiani nikatamani ningekutana na asiyejua Kiingereza.

Jumatano, 5 Agosti

Maalim Khatib kaja mwenyewe, sikumwita. Nilikuwa nimeshusha hamsini kama kitabu kilivyosema, napiga taratibu. Sauti kumbe imevuka barabara.

Akasimama mlangoni. "Yakhe, hiyo bayati au paka kabanwa na mlango?"

Mize, mke wangu, alicheka hadi kukaa chini.

Nikamwonesha. Akavuta kigoda, akafumba macho. Huyu mtu ana umri wa miaka sitini na tatu na masikio ya ndege. Akaniuliza hamsini ni ya nani. Nikamwambia ya kitabu. "Basi na kiimbe hicho kitabu. Pandisha." Nikapandisha. "Kidogo. Rudi. Hapo umepita kwetu, umeshafika Misri. Rudi."

Saa mbili nzima, baina ya Adhuhuri na Alasiri. Tukatua kwenye thalathini na nane. Rasti, mpangilio mwengine, ikataka arubaini na moja. Nikapiga wimbo mzima, na kile kidude cha plastiki kikalia kama chombo kilichozaliwa hapa Wawi. 

Maalim akafumbua macho. "Sasa kinajua," akasema. Akanywa chai, akaenda kuswali.

Hakujua kuwa anakifunza kitakachokaa pahala pake. Mie nilijua, na nilinyamaza. Saa mbili nzima nilinyamaza.

Alhamisi, 6 Agosti

Umeme ulikatika asubuhi. Uliporudi, kinanda kikarudi na sauti ya skuli. Kazi yote ya Maalim imefutika.

Nikatafuta kitabuni kwa neno neno, na kamusi ya mtoto wa jirani. Kumbe kuna kibonye cha kuhifadhi. Jana hatukukibonyeza. Ukikibonyeza haifutiki tena, hata umeme ukatike mwezi.

Hapo shetani akaja na hoja iliyovaa kanzu safi. Nisikiseme kibonye hicho. Kikundini hapana mwengine anayejua kukisoma chombo hiki. Niwaambie tu: kikizimwa, kinasahau. Ni kweli, kikizimwa bila kuhifadhiwa kinasahau. Basi kila harusi lazima Maalim aje kukitia sauti. Maalim apata nafasi, Bi Time apata kinanda, mie napata usingizi.

Nikamwambia Mize. Alikuwa achambua mchele. Hakuinua kichwa. "Na siku ya kuulizwa ushahidi wako, utajibu umeme ulikatika?"

Nimekasirika naye kwa kuwa kasema kweli.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku nzito.

Baada ya swala ya Ijumaa tulirudi kwa miguu, mie na Maalim. Nikamwambia yote. Watu watatu, wanne wapumzike. 

Alisimama njiani. Akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu Jumamosi.

"Na juzi wanitizama nakuwekea sauti, wanyamaza?"

Nikamwambia ndio.

"Kutolewa ningestahamili, Hamad. Nimeshatolewa pengi. Lakini wewe kuninyamazia!" Akatangulia peke yake. Sijapata kumwona akitembea haraka hivyo.

Sikushona kitu. Nilikaa na sindano mkononi.

Baada ya Alasiri akaja. Salamu kaitoa kwa Mize, kwangu hakuitoa. Akavuta kigoda kile kile, akafumba macho. "Piga." Kazi ikaanza upya. Hapana mzaha safari hii. Pandisha. Shusha. Basi. Thalathini na nane ile ile, wala hakuuliza juzi ilikuwa ngapi.

Nikamwambia na habari ya kibonye cha kuhifadhi, na hila niliyoifikiri. Nilitaka ajue nilivyotaka kumfaa.

"Usinifanyie hisani ya uongo," akasema. "Nitaila vipi? Hifadhi."

Nikabonyeza. Kioo kikataka jina. Nikamwambia nitaandika Khatib. Akakataa. "Andika bayati. Jina langu lina wajukuu wa kulibeba."

Mlangoni alisita. Alisema kwaheri, na safari hii kwangu.

Jumamosi, 8 Agosti

Tulikutana ukumbini kwa Bi Time, wote saba. Nikasema kila kitu. Mema: wepesi, besi, kumbukumbu, sauti za katikati kinazishika na hakizisahau. Mabaya: kodiani, kioo, zile ngoma za askari. Kuhusu fidla nilisema haifanani na fidla ya mtu hata kidogo. Halafu nikasema la mwisho kwa kuwa ndilo nililoulizwa. Kwa bei yake, kwa harusi zetu za sasa, kinafaa.

Faki wa kodiani aliruka. "Semeni kweli! Mwataka kututoa kwa kuwa mie na Maalim si wa upande wenu!"

Nyumba ikabadilika. Bi Time na Kombo ni wa chama kimoja, Faki na Maalim wa kingine. Mie chama changu nakijua na Mola wangu, na kwa hilo hakuna anayeniamini. Watu wakaanza kutajana na kutajiana wajomba. Neno moja tu lingetoka vibaya, kikundi cha miaka kumi na tisa kingekatika kama harusi zile.

Maalim Khatib akasimama. Hakupandisha sauti.

"Faki mwanangu, kaa. Chama hakina mkono hapa. Chombo kizuri. Nimekisikiliza mie mwenyewe, na sauti iliyomo nimeitia mie. Kama kuna aliyenitoa, nimejitoa."

Faki alikaa. Bi Time, ambaye hata kwenye maziko ya mumewe hatukumwona chozi, alijifunika uso kwa ukaya akawa atafuta kitu kisichokuwepo mkobani.

Kinanda kimenunuliwa. Nimepata kinanda kisicho na kibonye kilichokufa, na ninaona haya kukiangalia. Nimekifunika shuka.

Alhamisi, 20 Agosti

Harusi ya kwanza, hapa hapa Wawi. Tulikwenda watatu. Vipaza sauti viwili juu ya mnazi. Wanawake walicheza, walitunza, Bi Time aliimba kama msichana. Watu walinipongeza. Mmoja akauliza mbona fidla yasikika na mpiga fidla haonekani.

Kila nikifika pale pa katikati, mkono ulitaka kuondoka wenyewe. Nikaulazimisha kubaki.

Ijumaa, 21 Agosti

Nilikwenda kwa Maalim Khatib asubuhi. Ugani kaanika karafuu kwenye majamvi. Nikavua viatu, nikachutama upande wa pili, nikaanza kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, bila kuambiwa.

Jana kasikia yote, akiwa barazani kwake. Vipaza sauti vyetu vyafika.

"Bayati ilikaa," akasema.

Nikamwambia alhamdulillahi.

Akachambua kidogo. "Lakini ulikimbia. Beti zote ulikimbia."

Nikamuuliza kwa nini, kwani ngoma zilikuwa sawa.

"Hukuwa na mtu wa kumngoja."

Hakulisema kwa uchungu. Kalisema kama anavyonisahihisha siku zote. Nikamwambia Jumapili sina harusi, nitakuja na kinanda, na yeye atoe fidla, tupige pole pole wenyewe kwa wenyewe. Akasema nije chuo chake kikishamalizika, watoto wakishaondoka.

Jua lilikuwa kali, zuri kwa karafuu. Tukazipindua jamvi moja, tukahamia la pili.