Udongo Kwenye Kitenge cha Mayo

Dada Atupele,

Tumekuzika juzi, na mimi mwanafunzi wako siwezi kumtazama mtu usoni.

Unaikumbuka programu yetu ya simu ya matangazo ya kanisa? Tuliitengeneza kwa sababu ndugu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wako nyuma yetu saa moja, kila ibada wanachanganyikiwa. Ulinifundisha kwenye kile chumba nyuma ya saluni yako, vidole vyako vinanukia mafuta ya nywele. "Osia, skrini ni sahani, si chungu. Saa ikae chunguni, skrini zije kupakua." Nikaitikia ndiyo dada, kisha nikafanya ya kwangu. Skrini ya misiba niliiachia itunze saa yake yenyewe. Ilifanya kazi, nikavimba kichwa.

Nikatangaza maziko yako saa tisa. Asubuhi mawingu yakafunga, mchungaji akasema tuwahi, saa saba. Nikabadilisha. Walioifungua upya waliona saba. Lakini Mayo, shangazi yako aliyekulea, alikuwa ameiacha skrini wazi kule Nakonde tangu alfajiri, anaichungulia asije akachelewa. Skrini iliyo wazi haikwenda kupakua saa mpya; kwake ikabaki tisa ya kwetu, nane yao. Mama yako alitaka tumpigie. Mimi ndiye niliyesema hakuna haja, simu itamwambia.

Alifika tunaweka mashada. Akainama, akachota udongo kiganjani, akakosa pa kuutupia. "Mmeshamfunika mwanangu?" Akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, akarudi nao kwake.

Watu wanalaumu mtandao wa mpakani. Wananipa pole, nami naipokea. Mwiba wa kujichoma mwenyewe hauambiwi pole, dada. Naona aibu, naona aibu hata kukuandikia.

Jana nimerekebisha. Saa sasa inakaa sehemu moja, kama ulivyosema. Ilikuwa mistari michache tu, ningeiandika wakati ukiwa hai ukacheka.

Mdogo wako anasema Mayo hajaifunga ile skrini. Anaichaji, hataki iguswe. Mle ndani bado unazikwa saa tisa, bado anawahi.

Lala salama, dada yangu. Kesho navuka nikamwambie kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Akinifukuza, nitarudi tena. Akikubali, nitamleta kwako na udongo wake, na simu yake sitaigusa mpaka autupe.

Osia wako