Mashine Iko Kongo

Jumamosi, 6 Septemba

Fotokopi imekwama karatasi mara tatu kabla ya mteja wa kwanza. Mama Hamisi kaenda Ilagala kwa dada yake kuchukua dagaa, kama kila Jumamosi. Atarudi kesho. Chai nimejipikia mwenyewe, mbaya.

Mchana kaja mfanyabiashara wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kutoa nakala ya kitambulisho. Ananiambia, "Mzee, yule Zuhura wa redio si wako? Anasoma salamu kila Jumamosi saa kumi. Kalemie nzima tunamjua." Nikasema simjui. Alitaka nakala moja, nikamtolea nne.

Zuhura ni mwanangu wa kwanza. Mwaka wa tatu huu tangu avuke ziwa na mwanamume niliyemkataa. Nilimwambia asinipigie mpaka nimwite. Ana kichwa kigumu, kakirithi kwangu. Hajapiga. Tangu siku ile mke wangu simwiti tena Mama Zuhura. Namwita kwa jina la mdogo mtu, Hamisi. Hakubisha. Naye akaacha kuniita Baba Zuhura, ananiita Mzee tu, kama mteja.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeipata tovuti ya redio yao. Nikabonyeza kusikiliza. Maandishi: "Huduma hii haipatikani katika nchi uliyopo."

Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kila siku watu wanavuka na magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Sauti ya mwanangu ndiyo imewekewa mpaka.

Jumanne, 9 Septemba

Dawa yake ni VPN, ile inayoifanya mashine ionekane iko nchi nyingine. Inapachikwa kwenye brauza kama kiraka. Shida ni brauza yangu. Fundi aliniwekea hii kwa sababu mashine imezeeka na zile za watu wote zinaichosha. Nyepesi kweli, lakini hakuna anayeijua. Viraka vitatu vimenikatalia: haviendani na brauza yako. Wateja wanne wamenisubiri. Mmoja kaondoka akinung'unika, na ana haki.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata inayokubali. Kongo iko chini kabisa ya orodha. VPN hapa nchini husajiliwa, kwa hiyo nimejaza fomu kabisa, sitaki maneno na serikali uzeeni. Kuna mahali pa kuandika sababu ya matumizi. Nimeandika "biashara". Ningeandika nini?

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefunga mlango saa kumi kasoro, watu wadhani nimeenda kuswali. Nikafungua dirisha la faragha, lile lisiloacha alama, maana Hamisi akishalaza bodaboda yake huja hapa kutazama matokeo ya mpira. Sitaki aone baba yake anatafuta nini.

Haipatikani katika nchi uliyopo.

Nimewasha, nimezima, nimewasha. Mpaka saa kumi na nusu. Nimeipiga meza, kikombe kikaanguka. Nina hasira na mashine, na fundi, na huyo mume wa Kalemie. Najua si wao.

Mama Hamisi hayupo. Nyumba ya Jumamosi siipendi.

Jumatatu, 15 Septemba

Aibu. Mwalimu Neema, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Njombe, alikuja kujaza maombi yake ya masomo. Mfumo ukamkatalia. Matangazo yote Kifaransa. Tumehangaika nusu saa, leo ndiyo siku ya mwisho, dada wa watu anakaribia kulia. Kisha akatazama pembeni ya brauza. "Mzee wangu, mashine yako iko Kongo."

Nilisahau kuizima. Aliizima yeye, maombi yakapita. Nilidhani ataniripoti. Akaniuliza tu nilikuwa natafuta nini huko. Nikamwambia. Yote. Mgeni wa Njombe nimemwambia jambo ambalo mke wangu sijamwambia.

Kumbe kwenye dirisha la faragha kiraka hakifanyi kazi mpaka ukiwekee tiki ya ruhusa. Jumamosi nzima nilikuwa Ujiji, nikijiona Kalemie. Na saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa kumi yao ni saa kumi na moja hapa. Tiki kaiweka yeye. Sikumchaji kitu.

Jumatano, 17 Septemba

Tovuti ina mahali pa kutuma salamu. Jina la mtumaji: nikaandika "Msikilizaji". Nikafuta. "Mzee wa steshenari, Ujiji". Nikafuta. Mteja akaja, nikamtolea nakala, akaenda. Nikaandika "Baba Zuhura, Ujiji".

Wanaosalimiwa: Mama Zuhura, Hamisi, na msomaji wa salamu mwenyewe. Ujumbe: piga simu.

Nimetuma. Sasa najuta. Je, asiposoma?

Ijumaa, 19 Septemba

Msikitini sikusikia hotuba hata neno. Nimemkumbuka sana mwanangu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa kumi na moja. Imefunguka.

Sauti ni ileile, imeongezeka uzito kidogo. Watu wote anawaita "bantu bote", kama kazaliwa kule. Anacheka kama mama yake. Akasoma salamu za watu wa sokoni, za bandarini, za harusi. Mara nyingi nilitaka kuzima, sikuzima.

Kisha akasema, "Hizi zimetoka Ujiji." Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, nikashika waya. Waya haukuwa na kosa. Akasoma majina yote, na langu, polepole. Akasema, "Baba, shikamoo."

Nikajibu marahaba. Peke yangu, dukani, kwa sauti. Nikairudia.

Hajapiga bado. Simu nimeiweka mkononi mpaka imepata joto.

Jumapili, 21 Septemba

Kapiga alfajiri. Tumeongea kidogo sana. Alilia, mimi nikamuuliza hali ya hewa. Ana mtoto wa kike, hatua za kwanza.

Mke wangu amerudi saa nne na ndoo yake. Nikaipokea ili nimwambie habari. Juu ya dagaa kulikuwa na redio ndogo ya betri, imefungwa kwenye nailoni. Kumbe siku zote alikuwa anaificha chini. Ilagala, ukikaa ukingoni kabisa mwa ziwa, redio ya Kalemie inashika bila mashine. Miaka mitatu ya dagaa. Na mimi nilikuwa nalalamika kwamba tunakula dagaa mno.

Nikasema, "Pole na safari, Mama Zuhura."

Alikuwa anafungua khanga ya kichwani, akaacha. Macho yake mekundu tangu huko alikotoka. Akasema, "Dagaa wa leo wana mchanga, Baba Zuhura."

Nimeleta ungo. Tumekaa uani tukawachambua mpaka adhana ya adhuhuri.