Siku Niliyomsemea Mama wa Mitungi

Nkuhungu, Dodoma
Jumatatu asubuhi, kabla jua halijawa kali

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyoletewa na mchungaji imesaidia, au bado unapumzika njiani ukipanda kilima cha kanisani? Na viazi vya bondeni je, sakitu imevihurumia mwaka huu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Upepo wa Dodoma unatujaza vumbi hadi kwenye meno, lakini afya ipo, na mlenda nimeuzoea mpaka siku nikiukataa ujue naumwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, huko juu Makete, sauti hukatika kila ninapofika penye utamu, na hili sitaki likatike. Kaa kitako, Mama. Mwanao sasa anasema kwenye kipaza sauti, na watu wanalipa kiingilio kumsikiliza.

Nilishakuambia kwamba nilipata kazi ya kukata tiketi na kuuza juisi kwenye ukumbi wa video wa Bwana Ndahani. Ukumbi wenyewe ni wa mabati, una viti vya plastiki na televisheni kubwa ukutani, na kinachoonyeshwa sana ni tamthilia za Kikorea. Wakorea wanasema kwao, chini ya picha yanapita maandishi ya Kiingereza, na pembeni anakaa mtu mwenye kipaza sauti anayegeuza yote kuwa Kiswahili papo hapo: mfalme yeye, malkia yeye, mtoto anayelia yeye. Huyo ndiye mtafsiri. Hapa mtafsiri alikuwa Bwana Ndahani mwenyewe.

Unanijua mimi na Wakorea. Tangu nilipoziona tamthilia zao bwenini, nikiwa sekondari Njombe, sikuachana nazo, na maneno yao mengi yameingia masikioni yenyewe kwa kusikia. Nilizipenda kwa sababu watu wake wanainamia wakubwa, wanapokea kitu kwa mikono miwili, na hakuna anayeanza kula kabla mzee hajashika kijiko. Niliona kama nyumbani kwetu, ila wana farasi. Nilipenda ile ya ndugu wawili wenye mgahawa wa tambi karibu na stesheni ya treni, na ile ya wauguzi wawili wasiosemeshana waliopangiwa zahanati moja. Lakini iliyonishika moyo kuliko zote ni hii ambayo hapa tumeibatiza Mama wa Mitungi.

Ni ya zama za wafalme. Mjane mmoja anafinyanga mitungi mikubwa ya kuvundikia soya, ana mtoto mmoja wa kiume, na mtoto ana akili sana. Bwana mmoja wa ukoo mkubwa asiye na mrithi anamchukua amsomeshe kama wake, kwa sharti kwamba asimtaje kamwe aliyemzaa. Kijana anakua, anakuwa mtu wa karibu wa mfalme. Ikijulikana kwamba mama yake ni mfinyanzi, cheo kinakwenda, na huenda kichwa nacho.

Bwana Ndahani ni mcheshi, na si mtu mbaya. Tatizo ni kwamba anatania kila kitu. Yule mjane alimpa jina la Bi Chungu. Akilia kwa kumkumbuka mwanawe, Ndahani anasema amepoteza simu. Vijana wa kiume wanacheka mpaka viti vinagongana, ila wanawake walianza kupungua.

Miongoni mwa waliobaki ni Bibi Mwaja, mama wa Kigogo anayeleta mchele sokoni kutoka Bahi, na akishauza hupita ukumbini kabla hajapanda gari la kurudi. Kiingereza hajui, kusoma hakujaliwa. Siku moja alinivuta kanga.

"Mwanangu, yule mama anasema nini hasa? Ndahani ananichekesha, lakini yale machozi hayafanani na utani."

Nikachuchumaa karibu yake nikamnong'oneza. Aliyekaa nyuma yake akasogeza kiti, na wa pembeni naye akasogeza. Nilipokuja kutazama, wanawake wote wamenizunguka na wamempa Ndahani mgongo. Picha ikasimama.

"Upendo!" akaita kwenye kipaza sauti. "Humu kuna ukumbi wangu na ukumbi wako?"

"Hapana, Bwana Ndahani. Wanauliza, najibu."

"Basi njoo ujibu huku mbele."

Nilidhani anatania, kama kawaida yake. Kumbe siyo. Akanipa kipaza sauti mkononi, akanipisha kiti. "Sehemu moja tu," akasema. "Ukichemsha, unarudi kwenye juisi na mdomo unaufunga."

Nikakaa, Mama. Vijana wakaanza, "Mtoe huyo! Jenerali gani ana sauti ya dada?" Na kweli nilianza vibaya. Kwa Wakorea, msichana humwita mpenzi wake kwa neno lile lile analomwitia kaka yake. Mimi kwa woga nikatafsiri "kaka", na muda si mrefu wawili hao kwenye picha wakashikana mikono na kutazamana kwa mahaba. Ukumbi ukalipuka. "Anapendana na kaka yake! Laana hiyo!" Nikajikaza, nikawaeleza kwamba hapo kaka ni kaka wa heshima, kama binti wa hapa anavyoweza kumwita kijana wa watu kaka huku moyoni ana yake. Wasichana wakaguna kwa kukubali. Wanajijua.

Ndipo theluji ikaanza kuanguka. Mjane anatembea ndani yake na mtungi mgongoni, anakwenda mji wa mfalme ili amwone mwanawe japo kwa mbali. Wakacheka tena. "Mbona mama anatoa moshi mdomoni, anavuta sigara?" Hapa Dodoma watu wanajua jua na upepo, Mama. Baridi ya namna ile wataijulia wapi?

Nikaacha maandishi ya Kiingereza yapite. Nikawaambia kwamba kwetu Makete nimeiona pumzi ya mama yangu ikitoka kama moshi. Alfajiri yenye sakitu, ile baridi inayoganda juu ya majani, shamba zima la viazi huwa jeupe, na mama yangu huamka kuwasha mioto ya majani mabichi pembezoni mwa shamba ili moshi ulifunike shamba na viazi visiungue kwa baridi. Vidole vyake hupasuka, na huvipaka mafuta ya kupikia bila kulalamika. "Huyu mnayemwona," nikasema, "vidole vyake sasa hivi vimepasuka hivyo hivyo, na bado mji uko mbali." Kisha nikarudi kwenye sauti ya mjane, nikaisema kama unavyosema wewe, taratibu, bila kumlilia mtu.

Hakuna aliyecheka tena. Sehemu ilipokwisha Bibi Mwaja akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akatamka mbele ya wote, "Leo ndiyo nimemsikia."

Ndahani hakunisifu. Aliniambia tu kwamba kesho nije bila ndoo ya juisi.

Tangu hapo ni mimi niliyeitafsiri. Wanawake walirudi, wakaja na dada zao. Mama mmoja wa Kondoa anayeuza vitenge alikuwa anafunga banda mapema, anaswali, kisha anakuja kukaa mstari wa mbele. Vijana waliotaka nitolewe wakawa ndio wanaowanyamazisha wengine. Na maneno ya Kikorea yakaanza kuwaingia. Neno walilolishika kuliko yote ni "omoni", yaani mama, kwa sababu yule mtoto alilitamka siku anachukuliwa, na kila alipoota ndoto.

Ikafika sehemu ya mwisho. Ndahani akanishauri kama mzazi. "Pale wanapokutana usibane maneno. Watu wamesubiri hapo. Yamwage." Wiki nzima nikayatunga nikiosha vyombo, nikifua, nikienda dukani. Nilikuwa na hotuba, Mama, ya kuliza mawe.

Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka wengine wakatazama kutoka madirishani. Mjane, sasa mzee, amepanga foleni na wafinyanzi wengine kupeleka mitungi ya mfalme, na anayekuja kukagua ni mwanawe, juu ya farasi, na askari nyuma. Anapita, anapita, halafu anaiona mikono ya mama yake. Farasi anasimama. Askari wanatazamana. Kijana anashuka, anavua kofia yake ya cheo anaiweka chini, anapiga magoti kwenye theluji mbele ya wote. Anasema, "Omoni."

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni na hotuba yangu ilikuwa tayari. Nikakukumbuka wewe, jioni ile kaka Baraka aliporudi kutoka Dar baada ya kutupotea kwa muda mrefu. Sote tulikuwa na maswali. Wewe hukuuliza lolote, ulimsogezea kigoda karibu na moto.

Nikakishusha kipaza sauti mapajani, nikanyamaza.

Kijana akaita tena, "Omoni." Na kabla yule mjane hajafumbua mdomo, Bibi Mwaja akamjibu kutoka kitini kwake kwa sauti ya kupasuka, "Ee, mwanangu! Nipo!" Yule wa Kondoa akaitika naye, na wengine, na wengine tena, mpaka ukumbi wote wa mabati ukawa unamwitikia mtoto wa Kikorea kwa sauti za mama zake. Mama, sijawahi kusikia kitu kama kile. Nililia, na sikuona haya.

Watu walipotoka Ndahani alibaki amekaa. "Mimi pale ningesema mpaka niharibu," akaniambia. Asubuhi yake nikamkuta anapaka rangi ubao wa mlangoni. Jina lake alikuwa amelifuta mwenyewe, na akaandika: MTAFSIRI, UPENDO WA MAKETE. Nilimwomba aongeze Makete, kwa sababu ni haki yenu.

Nisalimie kaka Baraka, na mkewe ambaye najua ndiye anayekuchotea maji. Nisalimie shangazi mpika chai wa kanisani, umwambie hadithi zake za kututisha jikoni zimenifundisha kazi. Mchungaji naye mpe salamu zangu, na umtoe wasiwasi: nasali huku, na ukumbi haufunguliwi wakati wa ibada.

Jambo moja usishtuke ukilisikia kwa watu wanaotoka huku. Nikipita barabarani Nkuhungu, wamama sokoni na watoto wa shule hawaniiti tena kwa jina ulilonipa. Sina mume, sina mtoto, lakini wananipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, nami nasimama na kuitika kwa fahari.

Ni mimi mwanao,
Omoni wa Nkuhungu